Kimya Baada ya Ubeti wa Tatu

Mwongozaji wa filamu aliwaeleza kwamba dhihaka ni aina ya heshima, na kwa kuwa alikuwa msomi, mpiga zeze na dada yake hawakuona sababu ya kumbishia. Filamu ilihusu kundi la wanamuziki wa asili wanaozuru misiba wasiyoalikwa, wakiimba vibaya na kula vizuri. Waigizaji wote walikuwa wachekeshaji. Mmoja alishika zeze kama mtu anayekamua mbuzi. Kilichokosekana ni sauti, na sauti ndiyo iliyowaleta ndugu hao wawili katika chumba cha kurekodia kilichopigiliwa mazulia ukutani, chenye joto la tanuri na harufu ya soksi.

Wakaimba wimbo wa maombolezo waliorithi kwa baba yao. Baada ya ubeti wa tatu, mpiga zeze alilaza kiganja juu ya nyuzi, dada yake akafumba mdomo, chumba kikawa kimya.

"Mzee, umesahau?" fundi mitambo aliuliza kutoka nyuma ya kioo.

"Sijasahau. Hapo pana wenyewe. Ni pa wafiwa. Mtu amejikaza tangu asubuhi, mara viti, mara chai, mara wageni. Hapo ndipo anapopata nafasi ya kulia."

"Na asipolia mtu?"

"Hujafiwa wewe," dada alidakia. "Ukifiwa, njoo uniulize."

Mwongozaji hakucheka. Watu wa kazi ile hawacheki wanapookota kichekesho, hukitia mfukoni. "Paacheni hivyo hivyo," alisema. "Hapo patamu."

Filamu ilipoonyeshwa, katika kimya kile mchekeshaji alipiga chafya, meno yake ya bandia yakaruka na kutua ndani ya jeneza. Ukumbi ukalipuka. Haki isemwe: mzaha ule ulipangwa kwa ustadi, na nusu ya ustadi ilikuwa ya wale waliouandalia nafasi. Dada mtu mwenyewe alivunjika mbavu hadi soda ikamtokea puani.

Katika msiba wa kwanza waliouimbia baada ya hapo, mtoto mmoja alipiga chafya ya uongo palepale. Katika uliofuata, mtu mzima mwenye tai. Hatimaye wafiwa wenyewe wakaanza kuwaomba, kwa adabu kubwa, wapige kitu kingine, au wapumzike tu.

Kisha dada akaugua, maradhi ambayo madaktari huyazungumzia huku wakitazama dirisha.

"Utanipigia," alimwambia ndugu yake wodini. "Na pale usiparuke."

"Dada, watapiga chafya."

"Wapige. Kazi yako wewe ni kunyamaza, na hiyo haihitaji hata mazoezi. Wala si kwa ajili yangu, mimi nitakuwa nimelala zangu. Ni huyu." Alimwonyesha kwa kidevu mwanawe wa pekee, fundi umeme, mwanamume wa makamo aliyekuwa akikaza skrubu za swichi ambayo hakuna aliyemwomba aitengeneze. "Baba yake alizikwa yeye yuko juu ya ngazi, anafunga taa. Asipopewa nafasi, huzuni itamgandia humo ndani. Niapie."

Akaapa.

Siku ya mazishi fundi umeme alipanga viti, akafunga spika, akasuuza vikombe, uso mkavu kama ubao. Mpiga zeze alikaa kando ya jeneza akaimba peke yake, kwa sauti ambayo hakujaliwa. Katika ubeti wa kwanza watu waliinamisha vichwa. Katika wa pili simu moja iliinuliwa, kisha nyingine. Mwisho wa ubeti wa tatu alipiga moyo konde, akalaza kiganja juu ya nyuzi.

Jirani mmoja alikuwa amejiziba mdomo kwa leso, mabega yakimtikisika, na si kwa majonzi. Lakini mbele yake fundi umeme alisimama, waya mkononi. Mdomo wa chini ulianza kumtetemeka. Kidevu kilikunjamana kama cha mtoto, akafunua kinywa.

Huko nyuma, mtu alivuta pumzi ndefu kwa pua.

Mpiga zeze hakuthubutu kungoja ajue pumzi ile ni ya nini. Kiganja kiliinuka, ubeti wa nne ukaanza mbiombio. Fundi umeme akafumba kinywa. Akameza, na uso ukarudi kuwa ubao.

"Umetusitiri, mzee," jirani alimpongeza baadaye, akikunja leso yake. "Tulikuwa roho juu."

Wageni walipokwisha kutawanyika, mpiga zeze alimkuta mpwa wake akipandanisha viti.

"Mjomba, mbona uliwahi?"

"Nilidhani kuna mtu anataka kupiga chafya."

"Alipiga?"

"Hapana."

Fundi umeme alichukua kiti kingine, akakipachika juu ya mwenzake. "Nilikuwa nimekaribia," alisema.

"Nilete zeze, mwanangu? Tuko wawili tu. Hakuna wa kucheka."

"Aa, imeshapita hiyo." Aliiendea meza ndefu, akainama. "Shika upande huo, mjomba. Polepole, mguu wake mmoja umelegea. Kesho nitaupigilia msumari."