Laini Haibebi Picha

Nyie mnaoletewa simu mpya na watoto wenu, msiwe na haraka kama fundi cherehani huyu.

Alikuwa na sare za wauguzi kumi na wawili, za kukabidhi wiki inayofuata. Akichelewa, kazi ya zahanati nzima inahamia kwa fundi mwingine. Na vipimo huwa haandiki daftarini. Anaviandika kwa chaki juu ya meza ya kukatia, anapiga picha kwa simu, halafu anafuta meza kwa kitambaa kibichi.

Jumanne binti yake akamletea simu mpya, ya mfumo mwingine kabisa. Fundi akachomoa laini kwenye ile ya zamani, akaichomeka kwenye mpya, akaona majina ya watu yamekuja.

"Tumeshahama!" akasema, na ile ya zamani akampa mdogo wake siku hiyo hiyo.

Simu mpya ikaanza vituko. Ya zamani ilikuwa na kimshale cha kurudi nyuma, hii hamna. Kila akiingia mahali hajui atokeje, basi anaizima, anaiwasha. Kufika Jumatano mchana ameshaizima mara kumi na tisa, na picha za vipimo hajaziona. Akampigia binti.

"Mama, laini imebeba namba tu. Picha zimo tumboni mwa ile simu ya zamani. Na hizi ni mifumo miwili tofauti, lazima mtu akae azihamishe. Simu iko wapi?"

"Kwa mama yako mdogo."

"Mpigie! Asiguse kitu!"

Mama mdogo akapokea kwa furaha. "Dada, asante! Nimeipeleka kwa fundi simu, kaisafisha yote!"

"Kaisafisha kwa kitambaa?"

"Kitambaa cha nini? Kafuta kila kilichokuwemo."

Fundi akakaa chini pale pale.

Alhamisi asubuhi akavaa futi yake shingoni, akaenda zahanati. Wauguzi wakapanga foleni ukumbini, wagonjwa wakitazama.

"Fundi, si ulitupima Jumatatu? Umesahau viuno vyetu?"

"Simu ndiyo imesahau, wanangu. Nyoosha mkono."

Wa mwisho alikuwa muuguzi mkuu. Akavuta tumbo ndani mpaka macho yakamtoka.

"Sista, pumua, sare itakubana."

"Andika!" akasema kwa sauti nyembamba. "Jumatatu ulinipima nimetoka kula."

Fundi akaandika, kwa kalamu, kisha kimyakimya akaongeza inchi mbili.