Bawa Lisilotaka Kukazwa

Marehemu mzee Salvatory, fundi seremala wa misheni, alikuwa na imani mbili tu: Utatu Mtakatifu, na kiungo kisichocheza. Binti yake Vitalia alizirithi zote mbili. Ndiyo maana mumewe Egidi alipoanza kuunda bawa la kurukia, kilichomkera si wazimu wenyewe. Wazimu wa Egidi alishauzoea. Kilichomkera ni kwamba bawa lilikuwa limelegea.

Egidi alikuwa amepeleka milango Lituhi, kule ziwani, akamwona furukombe, yule tai mla samaki, akielea angani juu ya maji. Hapigi mbawa, anapinda ncha tu, mara huyo kageuka. Alirudi kijijini kwao Mapera hasikii la mwadhini wala la mnadi swala. Akakata mianzi, akanunua makoti ya mvua ya mitumba, maana soko huria lilikuwa limeshafika Mbinga na makoti ya Ulaya yalimwagwa chini kama viazi, akayashona pamoja. Baada ya miezi minne bawa lilikuwa pana kuliko nyumba yao, na ukilivuta kamba linajikunja upande mmoja.

Kijiji kilicheka, na kucheka ndiyo kazi yake. Lakini Xaveri, seremala mwenziwe Egidi, alimsubiri Vitalia nje ya kanisa. "Shemeji, nimeliona lile bawa," alisema. "Linacheza lote. Mzee Salvatory akiliona atafufuka kabla ya siku yake."

Neno hilo lilimchoma Vitalia mpaka mfupani. Jumamosi mchana Egidi alikwenda kuungama, kwa tahadhari tu, kwani kesho yake ndiyo siku ya kuruka. Huku nyuma mkewe alichukua koleo la marehemu baba yake na waya wa kutosha kufunga mbuzi kumi, akalikaza bawa kiungo kwa kiungo, chini ya kitambaa ambako jicho halifiki. Alipomaliza ungeweza kutandika shuka juu yake ukalala.

Jumapili baada ya Misa parokia nzima ilipanda mlimani. Chini yao kulikuwa na ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia mvua isiibe udongo, zimejaa maharage. Na mbele ya ngoro, mawe makubwa kama malori. Padri alilinyunyizia bawa maji ya baraka. Egidi akajifunga mikanda, akavuta kamba. Bawa halikutikisika. Akavuta tena.

"Ni maji ya baraka haya," alinong'ona. "Yamevimbisha kamba ya katani. Itaachia nikifika hewani."

"Kwani lazima licheze?" Vitalia aliuliza.

"Mama Ottilia, lisipojipinda sigeuki. Nisipogeuka, yale mawe ndiyo yatakayonipokea."

"Basi kunywa uji kwanza, Baba Ottilia."

"Nitakunywa nikirudi."

"Tusali rozari, basi. Yote."

"Mama, tumetoka Misa sasa hivi," alisema Padri, ambaye naye alikuwa na hamu ya kuona.

Egidi akaanza kukimbia. Vitalia, mwenyekiti wa akina mama wa parokia, akiwa na kitenge chake cha sikukuu, alijirusha akaning'inia mkiani mwa bawa. Aliburutwa hatua sita kama gunia la kahawa, hadi wote wawili wakaporomokea kwenye ngoro ya kwanza.

"Nimelikaza mimi!" alipiga kelele. "Waya uko chini ya kitambaa! Niliona aibu watu wakikucheka!"

Xaveri alitazama viatu vyake. Vitalia alilia mbele ya wanawake wote anaowaongoza, kamasi kwa machozi. Egidi akasema, "Haya, fungua."

Akafungua. Kila kiungo kilicholegea alikiombea msamaha kwa baba yake kimoyomoyo.

Waliotazama wanasema Egidi alipokimbia tena na kuruka, alielekea mawe moja kwa moja, mpaka Padri akaanza sala ya wafu. Kisha akavuta kamba. Bawa likajipinda ncha, likainama upande, likageuka taratibu na kuanza kurudi, tena chini chini, kwenye umati wenyewe. Watu wakalala kifudifudi, Padri akiwa wa kwanza. Vitalia peke yake alibaki wima, mikono wazi, kwa sababu alikuwa ameshaamua kwamba mtu yule akianguka, ataanguka juu yake.

Na kweli alianguka juu yake. Walijikuta ndani ya ngoro ya Xaveri, maharage kichwani.

"Umeumia?" Egidi aliuliza, akihema.

"Sijaumia."

"Umeona lilivyojipinda? Mke wangu, umeona?"

Uso wake uling'aa kama wa bwana harusi. "Nimeona, Baba Ottilia," alisema Vitalia, akimpangusa udongo. "Nimeona yote." Macho alikuwa ameyafumba tangu miguu ya mumewe ilipoachana na ardhi.