Mashine ya Yoramu Haina Kabureta

Kaka yangu Yoramu alimvunja Uwesu vidole kwa spana, mchana kweupe, kwenye kijiwe cha bodaboda pale Bahi, na katika watu wote waliokuwapo hakuna aliyemshika mkono.

Uwesu alikuwa fundi wake. Kosa lake lilikuwa kabureta. Alikuwa ameisafisha ile pikipiki ya magurudumu manne ambayo Yoramu huifuatia ng'ombe zake mbugani, akaapa imepona. Siku wezi walipoingia zizini, mashine ikakohoa katikati ya maji, ikazima. Yoramu alisimama kwenye tope hadi mapajani akiangalia mikia ya ng'ombe zake ikiishia kwenye matete. Alirudi kwa miguu. Akauchukua mkono wa Uwesu, akaulaza juu ya tangi la pikipiki ya mtu, akapiga. Uwesu alilia kwa sauti ambayo sikujua kama mwanamume anayo. Yoramu akafuta spana kwenye suruali, akasema, "Mwingine nani anajua kutengeneza?"

Mwingine alikuwa mume wangu.

Ambokile ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Nilimpata Dodoma mjini, tulipokuwa tumepanga mtaa wa Kikuyu, yeye akishinda gereji na mimi nikienda darasa la jioni. Tulihamia Bahi kwa sababu ni kwetu na kodi ni ndogo. Yoramu hakumpenda hata siku moja. Alikuwa akimwita "wa migombani." Mashine ilipokokotwa hadi uwani kwetu, na watu wakiifuata kama maiti, Ambokile aliizunguka, akafungua mfuniko, akanusa.

"Shemeji, kabureta haikufai," alisema. "Vumbi la kiangazi linaiziba, maji ya masika yanaiua. Niache niitoe kabisa."

"Uitoe? Halafu itanywa kwa wapi, puani?"

Watu wakacheka.

"Itapigwa sindano. Pampu inasukuma mafuta kwa nguvu, nozo inayarusha ndani ya injini, na kompyuta ndogo ndiyo inayosema kiasi gani. Kama magari ya siku hizi."

"Kompyuta utaitoa wapi, wewe wa migombani?"

"Nitaitengeneza."

Yoramu hakucheka. Alimwangalia mikono, mmoja baada ya mwingine, kama anavyoangalia ndama mnadani. "Sawa. Ila ikiniharibikia, kwako wewe ni yote miwili. Nimesema mbele za watu, na mimi sirudii maneno."

"Sawa, shemeji," akajibu mume wangu. Sawa! Nilikuwa nachambua mchicha, nikataka kumpiga na sufuria.

"Unajua unachosema?" nilimuuliza watu walipoondoka.

"Najua ninachotengeneza," akanijibu, na tayari alikuwa amepiga magoti.

Basi uwanja wetu ukawa gereji. Nozo aliitoa kwenye pikipiki iliyogongwa na lori. Pampu ilitoka ndani ya tangi la gari dogo bovu. Kompyuta yenyewe ilikuwa kibao kama kiganja cha mtoto, aliagiza Dar, na waya zake aliziunganisha mwenyewe. Umeme wetu ni wa kubahatisha, kwa hiyo kipande cha nondo cha kuyeyushia risasi ya kuungia waya alikuwa anakipasha moto kwenye jiko la mkaa. Nilimlilia alisogeze hilo jiko mbali na mashine, akalisogeza hadi karibu na ukuta wa choo. Maelezo yalikuwa ya Kiingereza. Nilimsomea mimi, Ebenezer mgongoni, nikitafsiri polepole, na pale nilipokwama tulikwama wote, tukacheka. Mwanetu alikuwa ndiyo kwanza anatambaa. Kila alipomwona baba yake alitaka kushika tairi.

Siku ilipowaka mara ya kwanza haikukohoa. Ilitoa mlio mmoja, ukanyooka. Ambokile alikaa chini kwenye vumbi akaufunika uso kwa mikono yake.

Yalibaki mambo mawili. Sensa ya joto la injini waya wake ulikuwa umekatika, akaitoa ili aiunge upya. Na pampu ilikuwa bado imefungwa moja kwa moja kwenye funguo: ukifungua funguo inasukuma, injini iwake isiwake, mpaka ufunge. Alitaka kuweka kidude cha kuikata yenyewe. "Kesho," alisema. "Kesho inakwisha."

Kesho yake asubuhi, kabla chai haijachemka kwenye lile jiko la ukutani mwa choo, Yoramu aliingia bila hodi. Nyuma yake alikuwa Abeli, mtoto wa baba mdogo, ambaye tangu utotoni anatembea pale kivuli cha Yoramu kinapopita. Wote wana fimbo. Yoramu miguu yake ilikuwa na tope hadi magotini.

"Wamekuja tena," alisema. "Wamemkata mchungaji panga la shingo. Wako ng'ambo ya maji na ng'ombe zangu. Lete funguo."

"Pole, shemeji. Lakini haijakamilika. Sensa iko mezani, haita..."

Fimbo ilimkata maneno. Ya kwanza ilitua begani, ya pili sikioni, na damu ikatoka papo hapo, ikatiririka hadi kwenye kola. Nilimpitisha Ebenezer juu ya wigo kwa jirani yangu Dorothea, ambaye alikuwa ameshatoka na mwiko mkononi. Nilipogeuka, Ambokile alikuwa chini na Yoramu anampiga teke la mbavu, bila hasira hata, kama mtu anayesukuma gogo limzuialo njia.

"Funguo!"

"Iko kwenye mashine, kaka!" nilipiga kelele. "Muache!"

Alimwacha. Alipanda, akafungua funguo, akabonyeza. Mashine ilizunguka, ikapiga chafya moja, ikanyamaza. Akabonyeza tena. Chafya. Chini ya kiti pampu ilikuwa inalia, mlio mwembamba kama wa mbu.

"Inalia nini hii?"

"Pampu, shemeji," Ambokile alisema kutoka chini, akishika mbavu. "Funga funguo. Bila ile sensa kompyuta haijui kama injini ni ya baridi. Nipe dakika chache niirudishe."

"Hakuna mafuta yanayofika," alisema Abeli. Alikuwa amechuchumaa kwenye injini. "Mpira umeziba, kaka. Nyonya tu."

Hapo ni lazima nieleze jambo moja. Huku kwetu kila mtu aliyewahi kumiliki pikipiki ni fundi wa jambo hilo moja. Mashine ikigoma unachomoa mpira wa mafuta, unautia mdomoni, unanyonya mpaka uchafu utoke, unatema, unarudishia, unaondoka. Yoramu amekuwa akifanya hivyo tangu akiwa kijana wa pikipiki ya baba. Kwenye kabureta mafuta yanashuka yenyewe polepole, kama maziwa ya chupa, na mtu hapati zaidi ya kichefuchefu.

Akashuka. Hakufunga funguo. Akachukua koleo la mume wangu, akaibana klempu inayoushikilia mpira.

"Kaka, usifungue!" nilisema. "Hiyo ina presha! Funga funguo kwanza!"

"Nyamaza."

"Kaka Yoramu, nisikilize, si kabureta hiyo!"

"Erica, tangu lini umekuwa fundi? Kachemshe chai." Na akacheka, akainamisha uso, mdomo wazi.

Mpira ulichomoka kama nyoka aliyekanyagwa. Petroli ilimpiga mdomoni, machoni, kifuani. Alirudi nyuma akiwa amekamata uso, na mpira ukabaki unajipinda peke yake hewani, ukimwaga huku na kule, ukutani, kwenye mchanga, kwenye ukuta wa choo. Kwenye jiko.

Sikusikia mlipuko. Nilisikia kama mtu ameketisha kitu kizito chini. Moto ulikuja kutoka kwenye jiko hadi kwa Yoramu kwa njia ileile petroli iliyopita, na shati lake likawaka lote kwa pamoja. Alikimbia. Mtu anayewaka hukimbia, ndilo kosa lake. Ambokile, ambaye sekunde ile alikuwa hawezi kuinuka, aliinuka. Alimrukia kiunoni, akamwangusha kifudifudi, akamlalia, akawa anamchotea mchanga kwa mikono yote miwili na kumpiga nao mgongoni, kichwani, shingoni.

Na Abeli, akiona Mnyakyusa amemkalia kaka yake akimpiga, akaanza kumcharaza fimbo. Nasema alimcharaza. Nilisikia fimbo ikivunjika mgongoni kwa mume wangu, na Ambokile hakugeuka hata kumtazama. Aliendelea kuchota mchanga.

"Funguo!" akapiga kelele. "Erica, funguo!"

Pampu ilikuwa bado inalia. Ilikuwa inaulisha ule moto. Kiti kilikuwa kinawaka, na mpira unarusha ndimi za moto kuelekea mlangoni kwetu, ambako kuna godoro la mwanangu. Sikufikiri kitu cha maana. Nilifikiri, Ebenezer yuko kwa Dorothea, basi. Nikajifunga kanga usoni, nikatia mkono. Funguo ilikuwa imeiva kama nondo ya jikoni. Nikaishika, nikaizungusha. Ngozi yangu ikabaki pale.

Mlio wa mbu ukakoma. Moto, ulipokosa chakula, ukapungua wenyewe. Dorothea na majirani wakaumalizia kwa mchanga.

*

Yoramu alilazwa, kichwa kizima kimefungwa bandeji. Daktari alisema macho huenda yakarudi, huenda si yote. Ng'ombe hazikurudi. Kijiweni wakaanza kusema Mnyakyusa aliitega ile mashine kama mtego wa fisi.

"Panda basi uende Tukuyu," nilimwambia Ambokile. Alikuwa anahema kwa upande mmoja wa kifua. "Mimi nitakufuata na mtoto."

"Nikikimbia nimekubali kwamba niliitega."

"Usipokimbia watakuvunja mikono!"

"Basi nifanye kazi wakati bado ninayo," akasema, akaenda kuinamia mashine. Alikata mpira ulioungua, akaweka mwingine. Akarudisha sensa. Akafunga kile kidude cha kuikata pampu. Kila alipoinama aling'ata meno, na kila alipong'ata meno nilimchukia na kumpenda.

Yoramu alikuja siku walipomruhusu, akishikwa mkono na Abeli, wanaume wengi nyuma yao, fimbo begani.

"Mbukwenyi," alisalimia kwa Kigogo, kama mgeni mwema. Mkononi alikuwa na spana.

"Karibu, shemeji," alisema Ambokile. Akavuta meza, akaketi, akalaza mikono yake miwili juu yake.

Yoramu alipapasa meza mpaka akaipata. Akagusa vidole, kimoja kimoja. Nyuma yake mtu akasema, "Piga, mzee, twende."

Nikausukuma mkono wangu juu ya ile ya mume wangu. Yoramu akagusa bandeji, akasita.

"Huu wa nani?"

"Wangu. Vunja huu kwanza. Umeshaungua, hautakuwa na hasara kubwa."

"Toka hapo, Erica. Niliapa."

"Sitoki. Ndio uliofunga funguo. Ungekuwa majivu, kaka, na wewe unajua. Na aliyekulalia ukiwaka ni huyu hapa, mgongo wake Abeli aliuchana kwa fimbo."

Yoramu akageuza kichwa chake cheupe. "Abeli. Dada yangu alinikataza kuufungua ule mpira?"

"Kaka, sisi siku zote si tunanyonya..."

"Nimekuuliza."

Abeli akatazama chini. "Alikataza. Alipiga kelele mpaka Dorothea akasikia."

"Na wewe ukaniambia ninyonye."

Spana ilipaa. Nilifumba macho. Ilishuka kwenye meza, karibu na kidole gumba cha Ambokile, ikapasua ubao hadi chini, na vipande vikaniruka usoni. Nilipofumbua, mikono yetu ilikuwa bado pale, yote mitatu. Yoramu alikuwa anahema kama aliyekimbia. Bandeji ililowa mahali pa macho, sikujua ni dawa au nini.

"Nirudishie kabureta yangu," alisema.

"Hapana," alijibu mume wangu. Mungu wangu, watu wa Tukuyu. "Kabureta itakuua majini. Hii imeshapona. Isikilize kwanza, halafu uamue."

Akainuka, akaenda kwenye mashine, akafungua funguo. Pampu ikaanza kulia.

Yoramu akaruka nyuma, akamkumbatia Abeli kwa nguvu, na wanaume wote langoni wakarudi nyuma pamoja naye, wakikanyagana, fimbo zikigongana. Nilikuwa sijawahi kumwona kaka yangu akiogopa kitu.

"Usiguse chochote, shemeji," alisema Ambokile taratibu. "Wewe ngoja tu mpaka inyamaze yenyewe."

Mlio ukakatika. Yoramu akamwachia Abeli. Akanyoosha mkono mbele, akitafuta usukani hewani, na mume wangu akamwongoza mpaka kwenye swichi.

"Imenyamaza?" akauliza, kwa sauti ndogo. "Nibonyeze sasa?"