Timu Iliyoacha Kunywa Maji

“Halirudi,” Rozina alisema. “Hili sanduku la maji halirudi kwenye gari hata ukamwite mkuu wa chuo.”

“Basi lifunike, Mama Dunstan,” alijibu kocha Balthazar. “Batoto wakiona barafu, roho zao zitachoka.”

“Barafu haichoshi roho ya mtu. Kukosa maji ndiko kunakochosha figo.”

“Ulishasema jana.”

“Na juzi. Na kesho nitasema, kama utakuwa umebaki na wachezaji wa kuambiwa.”

Walikuwa wamesimama nyuma ya goli, kwenye uwanja ulio karibu na stesheni ya treni ya Toongabbie, huku ughaibuni, saa tisa alasiri ya Jumamosi ya Februari. Joto lilikuwa digrii thelathini na nne. Wachezaji kumi na watatu wa timu ya chuo walikuwa wanapasha misuli kimya kimya. Tangu juzi usiku hakuna aliyetia tone la maji mdomoni.

Kocha huyu Rozina alimleta mwenyewe, na hilo ndilo lililokuwa linamkereketa. Msimu uliopita timu ilifungwa mechi kumi na moja kati ya kumi na mbili, na ofisi ya michezo ikasema ikiharibu tena inafutwa. Rozina alikuwa meneja wa kujitolea kwa sababu ya mwanawe Dunstan, kiungo. Akamkumbuka Balthazar, Mkongo waliyezoea kukutana naye misibani, aliyewahi kufundisha timu Bukavu na sasa anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulea huko Cabramatta.

Kazi aliijua, hilo Rozina angeapa mbele ya yeyote. Aliwafunga mabeki wanne kamba moja viunoni akawaamuru wapande na kushuka nayo, mmoja akichelewa wote chini. Wiki ya kwanza walianguka kama mizigo. Wiki ya tatu walikuwa wanatembea kama mlango unaofunguliwa na kufungwa.

Ila kabla ya mechi ya kwanza kocha aliwaomba wafunge asubuhi moja, kavu kavu, bila chakula wala maji, kama walivyozoea kanisani kwake. Rozina hakuona ubaya. Asubuhi moja haimuui mtu. Wakashinda. Kabla ya mechi ya pili wakafunga siku nzima, wakashinda tena. Kabla ya tatu wakafunga usiku na mchana, wakatoka sare, na sare ikahitaji mtu wa kulaumiwa. Ikajulikana kwamba kipa, Innocent, alionekana akinywa kwenye bomba la chooni. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Waliacha tu kumpa mkono. Jumatano Innocent alirudisha jezi yake, imefuliwa na kupigwa pasi.

Katika mechi hiyo ya tatu refa alisimamisha mchezo ili watu wanywe, kama inavyofanywa siku za joto. Wapinzani walikimbilia chupa zao. Vijana wa Rozina walisimama duara, migongo kwenye chupa, macho wamefumba. Refa alidhani ni sala ya dakika moja, akatabasamu.

Hata Adam, kijana wa Kitanga anayeswali swala tano, alikuwa ndani ya duara. Rozina alimuuliza baadaye.

“Wewe si unafunga Ramadhani? Huku umefuata nini?”

“Ramadhani jua likizama tunakunywa, mama. Huu mfungo hauna magharibi.”

“Na bado unafunga.”

“Nisipofunga, goli likiingia ni langu.”

Na asubuhi ya leo, nyumbani Seven Hills, Dunstan alisahau kuvuta maji ya choo. Rozina aliona mkojo wa mwanawe una rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyotiwa maziwa. Alipomuuliza, Dunstan alijibu kwa Kiingereza, kama afanyavyo kila akitaka kumweka mama yake mbali, kwamba mwili ni wake na yeye ndiye kapteni.

Sasa Rozina alimkazia kocha macho. Midomo ya Balthazar ilikuwa imepasuka. Huyu naye alikuwa hajanywa, na afadhali angekuwa mnafiki, maana mnafiki hujua pa kuachia.

“Balthazar, uliwashindisha kwa kamba. Nilikuwepo, niliona kwa macho yangu.”

“Kamba ni ya mtu. Mfungo huu ni wa Mungu.”

“Kwa hiyo wewe hujafanya kitu?”

“Bukavu nilikuwa na ekipe nzuri kupita hii. Nilifundisha asubuhi na jioni. Tukapoteza yote.”

Hakusema kama alikuwa anazungumzia mpira tu.

“Wiki ijayo siku ngapi?”

“Tatu.”

“Na tukifika fainali?”

Kocha aligeuka akatazama wachezaji. Mtu huyu angeweza kuijenga timu. Alikuwa ameshaijenga. Lakini haiamini mikono yake mwenyewe, na kila wiki angedai zaidi.

Hapo ndipo alipomwona Rodrigue, beki wa kati. Jezi za wenzake zilikuwa zimelowa kwapani na mgongoni. Ya Rodrigue ilikuwa kavu kama imetoka kuanuliwa. Rozina ni msimamizi kwenye ghala, na kila kiangazi huwarudia wafanyakazi wake jambo lile lile: anayetoka jasho mpe maji, aliyeacha kutoka jasho kwenye joto usimwache peke yake.

“Rodrigue, njoo.”

Kijana alikuja akiyumba kidogo. Rozina alimgusa shingo. Ilikuwa ya moto kama pasi.

“Leo tunacheza na nani?”

Rodrigue alitaja timu ya wiki iliyopita.

“Kaa chini, mwanangu.”

“Sawa, mama,” alisema Rodrigue, na akaendelea kusimama.

“Dunstan, mshike mwenzako. Mpeleke kwenye bomba, mmwagie mwili mzima.”

Dunstan hakusogea. Alimtazama kocha kwanza. Kijana wa miaka kumi na tisa, aliyemnyonyesha mwenyewe, anasubiri ruhusa ya mtu mwingine ili amwokoe rafiki yake. Rozina aliliona hilo na likamchoma.

Adam ndiye aliyetoka kwenye mstari. Alimbeba Rodrigue begani hadi kwenye ukuta wa vyumba vya kubadilishia nguo, akamlaza, akafungulia mpira wa kumwagilia nyasi. Rozina alishapiga simu ya gari la wagonjwa. Aliambiwa dakika nane, na waendelee kumpoza. Wachezaji wengine walitazama maji yakitiririka kwenye nyasi, na hakuna aliyesogea karibu.

“Tumebaki kumi na wawili,” kocha alisema kwa sauti ya upole. “Inatosha. Adam, ukimaliza uje.”

Wakaanza kujipanga. Kweli wakaanza. Dunstan alikuwa mbele, kitambaa cha ukapteni mkononi, amekaza taya.

Rozina alikata uwanja kuelekea katikati, alikosimama refa na kompyuta yake ndogo. Mechi haianzi mpaka meneja wa kila timu athibitishe majina yake pale. Balthazar alimfuata akihema.

“Mama Dunstan, ukiwaondoa, chuo kitaifuta timu.”

“Najua.”

“Tumeijenga sisi wawili.”

“Hilo nalo najua.”

“Na mtoto wako hatakusamehe.”

“Atakuwa hai wa kutonisamehe.”

Alimwambia refa kwa Kiingereza kwamba timu yake inajitoa. Refa aliuliza sababu. Rozina alisema wachezaji hawajanywa maji tangu Alhamisi usiku, mmoja amelala kule ukutani anasubiri gari la wagonjwa, na waliobaki hawatakubali kunywa wakiombwa. Refa aliwatazama vijana waliojipanga, na safari hii hakutabasamu. Akamwonyesha kwenye kompyuta mahali pa kubonyeza ili timu ijitoe.

Nyuma yake Rozina alisikia mwanawe akimwita, kwa Kiswahili, “Mama, usifanye.”

Akabonyeza.