Mlango wa Mbele

"Basi ngoja wakuue ndipo ujitoe kwenye uchaguzi," Colette aliniambia, mwiko wa supu ukiwa bado mkononi mwake.

"Hakuna anayeniua. Koroga, itashika chini."

"Usinitume kama mwanafunzi wako, Mama. Nimesema mpigie Odette. Ana mpaka saa kumi na moja leo kuweka jina la mtu mwingine. Ikipita hapo umekwama nalo."

"Saa naijua."

"Wewe unajua kila kitu isipokuwa kuogopa."

Hapo alikosea. Nilikuwa nimelipa jiko mgongo ili asione uso wangu. Mwanangu alikuwa na mimba kubwa na alikuwa amerudi kukaa kwangu majira yale ya baridi kwa sababu mumewe, Yvon, huendesha lori la magogo na kulala porini wiki nzima. Nilitaka aone mama asiyetikisika. Kumbe alichokuwa anaona ni mama mkaidi.

"Waliolipiga bango lako risasi walikuwa wanacheza tu?" akauliza. "Matundu matatu, yote usoni."

"Picha yenyewe ilikuwa mbaya."

"Sicheki, Mama."

Nami sikuwa nacheka. Nilikuwa nimeliona bango lile mwenyewe, pale njia panda, limesimama kwenye tuta la theluji na mwanga wa jua ukipenya mahali pa jicho langu.

Nilifundisha hesabu katika shule yetu ya bondeni mpaka nikastaafu, na sikuwa na haja ya siasa. Lakini vituo vya magari ya wagonjwa vilianza kufungwa kimoja kimoja, na Réal, mume wangu, akafa kwenye kiti cha nyuma cha gari letu, mimi nikiendesha, hospitali ikiwa bado mbali. Mbunge wetu wa jimbo alipofariki vuli ile na uchaguzi mdogo ukaitishwa, kamati za chama zilikutana kwenye jengo la zimamoto kutafuta mtu. Nilisimama nikasema mambo matatu kuhusu magari ya wagonjwa, nikaketi. Wakanichagua. Odette Theriault, mwenyekiti wetu, alisema nusu ya wapiga kura niliwahi kuwapa sifuri, kwa hiyo angalau jina langu wanalijua.

Walinipeleka Augusta, makao makuu ya jimbo, kufunzwa kampeni. Mwanamke aliyetufunza alikuwa na viatu vizuri na haraka nyingi. Alisema mgombea hugonga mlango wa mbele, daima, kwa sababu anayezunguka nyuma ya nyumba ya mtu anaonekana mwizi. Hesabu hadi thelathini. Asipotoka mtu, tundika kipeperushi kwenye kitasa, nenda nyumba inayofuata. Mimi ni mtu wa kufuata utaratibu. Niliufuata. Nyumba nyingi hawakufungua, nami nikadhani hawanitaki.

Halafu Jumapili, giza linaanza kuingia, mtu aligonga mlango wetu wa mbele.

Kwetu mlango wa mbele hautumiki. Kila nyumba inao, una ngazi zake na taa yake, lakini watu huingia kwa mlango wa jikoni. Wanagonga mara moja huku tayari wameshausukuma, wanasema "ni mimi," na kabla hujageuka wamekwisha kukaa mezani. Ule wa mbele tunauziba kwa nailoni baridi ikianza, na theluji ya ngazini hakuna anayeizoa mpaka ijiyeyukie. Wanaokuja upande ule ni askari wa kaunti na padri. Ukiwaona wamekuja pamoja, huna haja ya kuwauliza wamekuja kusema nini.

Kwa hiyo ulipogongwa, Colette aliketi sakafuni palepale alipokuwa amesimama. Hakupiga kelele. Aliweka mikono tumboni na kusema, "Yvon," kwa sauti ndogo, kama mtu anayejibu swali. Nilitoka kwa mlango wa jikoni, nikazunguka. Hapakuwa na askari wala padri. Palikuwa na nyayo za buti kubwa kwenye theluji, zimetoka barabarani, zimepanda ngazi, zimerudi.

Jumanne tena. Safari hii nilisikia gari likiondoka na taa zimezimwa. Askari wa kaunti alikuja tulipompigia, akaingia kwa mlango wa jikoni, Mungu ambariki, akazitazama zile nyayo na kusema ni za mtu mwenye miguu mikubwa. Nilimfundisha huyo. Hakuwa mwepesi wa kuelewa hata wakati ule.

Toka siku hiyo sikulala vizuri. Nilikuwa nikipita karibu na ule mlango ninatembea upande upande, kama unaweza kuniuma. Friji ikilia, nashtuka. Tawi likipasuka kwa baridi nje, nashtuka. Nilimwambia Colette ni umri.

"Nikuulize kitu," Colette akasema sasa. Alizima jiko, akaweka mwiko chini polepole. "Tuseme siku moja ni kweli. Tuseme lori limeanguka na askari amekuja kweli kuniambia, amesimama pale mbele anagonga, nami nimekaa hapa nasema, aa, ni wale watu wa Mama tu. Utaniambia nini siku hiyo?"

Niliitazama saa ya ukutani.

"Leta simu," nikasema.

Akaileta haraka kabla sijabadili nia. Nikabonyeza namba ya Odette. Ilikuwa inaita, na nilikuwa nimeshapanga maneno, mafupi, bila kulia, ndipo mlango wa mbele ukagongwa.

Mara tatu. Polepole. Nailoni ikatetemeka kwenye fremu yake.

Colette aliganda. Nikamwekea simu mkononi. "Odette akipokea mwambie angoje."

"Usitoke."

"Natoka."

"Mama, mpigie askari."

"Yule? Atakuja kupima miguu."

Nilivaa koti. Nilipogeuka, Colette alikuwa ameshika bunduki ya baba yake, ile ya kuwindia paa, simu ameibana begani.

"Weka chini hiyo. Hujui hata kama ina risasi."

"Ina. Niliitia mwenyewe Jumanne."

Nadhani hilo ndilo lililoniogopesha kuliko yote: mtoto niliyemlea, tumbo limemjaa, ameshika bunduki jikoni kwangu na uso wake umetulia. Nikamnyang'anya, nikaisimamisha nyuma ya mlango wa stoo, nikachukua koleo la theluji. Ni silaha ya kipumbavu. Lakini ni kitu ninachojua kukitumia.

Upande wa nyumba theluji ilinifika magotini. Baridi ilikuwa ile inayoshikanisha nywele za puani. Mbingu ilikuwa imebaki mstari mmoja wa rangi ya kitunguu juu ya mto, na ng'ambo taa za Kanada zilikuwa zimeanza kuwaka. Nilitembea nikiegemea ukuta. Nilisikia pumzi zangu na nikajaribu kuzizuia, zikazidi. Nilimfikiria Réal. Nilifikiri, nikifa hapa, gari la wagonjwa litafika kesho kutwa, na angalau hilo litasaidia kampeni.

Nikachungulia pembeni ya ukuta.

Mwanamume alikuwa amesimama juu ya ngazi, amenipa mgongo. Mrefu, mabega kama mlango wenyewe, kofia imevutwa masikioni. Safari hii hakuwa anakimbia. Alikuwa anangoja.

"Nina koleo," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

Akageuka. "Naliona, Mwalimu."

Alikuwa Normand Gagnon. Hesabu za sehemu zilimtoa machozi akiwa na miaka kumi, na mwaka aliozielewa aliniletea gunia la viazi. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye mvi ndevuni. Mikono yake ilikuwa mifukoni, nami nikaitazama hiyo mifuko.

"Toa mikono, Normand."

Akaitoa. Ilikuwa mitupu. Sikushusha koleo.

"Ulikuwa wewe Jumapili?"

"Mimi."

"Na Jumanne."

"Mimi."

"Binti yangu ana mimba. Mumewe yuko porini na lori. Unajua alidhani nini ulipogonga?"

"Najua," akasema. "Ndiyo maana niligonga."

Nikarudi nyuma hatua moja, theluji ikanishika mguu, nikapepesuka. Hakusogea kunisaidia wala kunidhuru.

"Ulikuja kwetu na vipeperushi," akasema. "Mimi nilikuwa kazini. Mwanangu Luc naye anabeba magogo, unajua. Mama yangu Alma alikuwa peke yake. Akasikia mlango wa mbele."

Nikaanza kukumbuka. Nyumba ya Gagnon, mwisho wa barabara ya kiwanda cha zamani. Taa ilikuwa inawaka ndani.

"Akajua ni habari mbaya ya Luc," Normand akaendelea. "Akanyanyuka kukimbia, na huyu ni mtu anayetembea kwa fimbo. Akaanguka kwenye ukumbi, nyonga ikavunjika. Wewe uko nje ya mlango."

Nilikuwa nimesikia. Nilisikia kishindo ndani na nikadhani ni theluji imeporomoka kutoka paani. Nilihesabu hadi thelathini. Nikatundika uso wangu kwenye kitasa, nikaondoka.

"Nilimkuta jioni," akasema. "Gari la wagonjwa lilitoka upande wa pili wa kaunti. Unajua linavyochukua. Basi tumekaa sakafuni mimi na yeye tunangoja, nasoma karatasi yako. Nilikuwa sina kingine cha kusoma. 'Gari la wagonjwa kwa kila mji.' Nilitaka kukuchukia vizuri, Mwalimu, lakini karatasi ilikuwa inasema kweli, na hilo likanikasirisha zaidi."

Koleo lilikuwa zito. Nikalichomeka kwenye theluji.

"Kwa nini hukuja jikoni ukaniambia?"

"Ungenipa kahawa. Ningeshindwa kusema." Alijifuta pua kwa mkono wa koti. "Nilitaka ujue mlango ule unavyosikika ukiwa upande wa ndani. Leo nikaona nimefika mbali sana. Nilikuwa nimekuja kukwambia ni mimi, nikapanda ngazi hizihizi tena. Sijui kwa nini. Mguu ulishazoea."

"Na bango? Zile risasi?"

"Hapana. Hilo si langu." Alionekana kama ameumizwa na swali. "Bango la mwalimu wangu nalipigaje risasi? Ungenikata maksi."

"Ni nani, basi?"

"Sijui. Kuna watu hawakutaki. Ningekuwa wewe nisingesimama dirishani taa ikiwaka."

Alilisema kama mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa. Nilitazama barabara. Miti ilikuwa imeshakuwa weusi tu, na nyuma yake mtu yeyote angeweza kusimama. Mgongaji wangu nilikuwa nimempata, na bado kulikuwa na mwingine ambaye sina jina lake.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa nyuma ya nyumba. "Mama?" Sauti ya Colette ilikuwa nyembamba. "Uko hai?"

"Niko hai. Ni Normand Gagnon."

"Mpumbavu."

"Naam," Normand akasema kwa sauti ya kusikika. "Nisamehe, Colette. Yvon hajambo. Nimempita mchana kwenye mizani."

Nikasikia binti yangu akilia kule nyuma. Sijui kama kwa hasira au kwa nini. Nadhani hata yeye hakujua.

"Mama yako yuko wapi?" nikamuuliza Normand.

"Nyumbani, tangu juzi. Kitanda tumekiweka jikoni, hapendi kulala mbali na jiko."

"Ananitaja?"

"Anasema angekupigia kura ungekuja kama binadamu."

Colette alikuwa amezunguka ukuta, amevaa buti za baba yake, simu imenyooshwa mbele. "Odette huyu. Anataka jibu, Mama. Zimebaki dakika chache."

Nilimtazama mwanangu, na tumbo lake, na barabara yenye giza nyuma yake. Nilikuwa naogopa kuliko Jumapili, kwa sababu sasa nilijua kipande cha hofu yangu nilikitengeneza mwenyewe, na kipande kilichobaki hakikuwa na uso. Nikijitoa, mwenye kipande hicho atakuwa ameshinda, na Bibi Alma atakuwa amelala sakafuni bure.

"Mwambie jina langu libaki," nikasema.

"Mama."

"Zima taa za mbele, funga mapazia, mwite shemeji yako aje kulala hapa mpaka kura zipite. Bunduki toa risasi. Na mwambie Odette vile vipeperushi vya kutundika achome vyote."

Colette akaweka simu sikioni. "Anasema libaki," akamwambia Odette. "Ndiyo. Nimemwambia. Ni mkaidi, unamjua."

Nilichukua sufuria ya supu jikoni na ployi, zile chapati zetu za manjano zenye vitundu, nikazifunga kwenye taulo. Niliendesha nyuma ya taa nyekundu za gari la Normand. Kila gari lililokuja mbele yangu, nilizuia pumzi mpaka lipite. Njia panda nilipunguza mwendo na kuliangalia lile bango. Sikuling'oa.

Nyumbani kwa Gagnon mlango wa mbele ulikuwa na alama ya uzi wa kipeperushi changu kwenye kitasa. Niliupita. Nikazunguka nyuma, supu nimeikumbatia kifuani, nikagonga mlango wa jikoni mara moja na kuusukuma hapohapo.

"Bibi Alma," nikasema. "Ni mimi."