Kanzu Aliyopewa Mwenye Mkuki

Enyi wenye watoto wanaotafuta mahali pa kujenga, nisikilizeni mimi mama Nakibuule.

Kwetu Buganda, ukinunua kibanja, yaani haki ya kukaa na kulima ndani ya ardhi ya mtu, bado hujapata kitu. Sharti umpelekee mwenye ardhi kanzu, aipokee, akutambue. Asipokutambua, wewe ni mpita njia tu, hata kama umeezeka bati.

Binti yangu Nakibuule alinunua kibanja, akapanda migomba, akajenga. Kabla hajapeleka kanzu, mwenye ardhi, Mzee Lwasa, akafa. Siku ya kumaliza matanga tulimwona mwanawe Ssebaduka akivikwa nguo ya magome ya mti na kukabidhiwa mkuki wa baba yake. Basi ndiye mrithi. Nani angeuliza zaidi? Nakibuule akampelekea kanzu, na jogoo juu yake. Ssebaduka aliivaa palepale, akajizungusha.

"Lima, mwanangu, lima mpaka migomba ikuombe msamaha!"

Mwezi uliopita dada yake Ssebaduka, Nassolo, akaja na wapima ardhi. Wakachomeka vigingi katikati ya migomba.

"Nani alikupokea hapa, mwenzangu?"

"Mrithi," Nakibuule akajibu. "Kanzu yetu anayo."

"Kaka yangu alirithi jina na mkuki. Ardhi, mahakama imeniweka mimi niisimamie. Nami naiuza."

Nikashindwa kunyamaza. "Si ulikuwepo akivikwa, wewe? Si ulipiga vigelegele?"

"Nilimpigia kaka yangu, mama. Sikulipigia shamba."

Tukamwita Ssebaduka. Akaja na kanzu mkononi, imefuliwa na kupigwa pasi, macho chini.

"Mama, ichukueni. Mimi nilidhani..."

"Ulidhani! Na jogoo je, utamtapika?"

Nakibuule hakucheka. Aliichukua ile kanzu, akapiga magoti mbele ya Nassolo, akamnyooshea kwa mikono miwili. Nassolo aliitazama kola.

"Inuka, mwenzangu. Kanzu iliyokwisha kuvaliwa haipokelewi."

"Tutaleta mpya," nikasema.

"Mpelekeeni atakayenunua. Akiipokea, mna bahati. Akiikataa, mtahama."

Mpya tumeshanunua. Imekunjwa juu ya kabati, na hatujui itavaliwa na nani, wala kama itavaliwa. Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, mwenye ardhi akifa usiukimbilie mkuki. Nenda kwanza mahakamani ukaulize ardhi ya marehemu imewekwa mikononi mwa nani, ndipo ununue kanzu.

Magugu yamefika magotini. Namwambia Nakibuule apalilie, ananiuliza, "Nampalilia nani, mama?"