Jina la Mtoto wa Bibiana

Siku ile mjinga alikuwa Dastani, na baadaye alikiri mwenyewe kabla hajaulizwa. Mtu mzima, mwenye mikorosho yake na baiskeli, alibishana na shemeji yake mbele ya padri huku mtoto wake wa kwanza akiungua homa mgongoni kwa mama yake.

Jina lenyewe lilikuwa Cecil. Miaka ile, bendera ya Mwingereza ikiwa bado bomani, majina ya wamisheni yaliwashika watu kama upele. Ukienda misheni ya Lulindi ukaita "Ethel!" kisimani, wanageuka wasichana wanne na mbuzi mmoja. Lakini huku kwao Bibiana, pembeni mwa Newala, Dastani alikooa na kuhamia, hakukuwa na Cecil hata wa dawa. Alitaka awe wa kwanza kuitwa Baba Cecil.

Silvano, kaka yake Bibiana, hakutaka kusikia. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kumpa jina. Yeye alitaka Chilumba, jina la marehemu babu yao.

"Shemeji, huyo Sesili ni nani kwenu? Alilima shamba gani?"

"Na Chilumba wako padri atamtamkaje?"

"Padri ana meno. Atatamka."

Watu waliangua kicheko mlangoni pa kanisa. Hata Dastani alicheka. Bibiana hakucheka. Alimvuta mumewe mkono.

"Bwana, chagueni lolote abatizwe. Mwili wake unawaka."

"Subiri, mama. Haya ni ya wanaume."

Padri, ambaye hakuna aliyemwambia habari za homa, alingoja mpaka jua likawa kali. Akawataka wapatane, akasema atambatiza akirudi, kisha akapanda baiskeli kwenda Tandahimba. Maji ya ubatizo, ambayo Bibiana aliyapandisha kutoka bondeni kabla ya mapambazuko, wanaume wakayanywa. Koo zilikuwa zimewakauka.

Keshokutwa yake, alfajiri, mtoto alikufa.

Gervas, mwalimu wa kanisa, aliwaonyesha mahali nje ya uzio wa makaburi, kwa kuwa asiyebatizwa hakuzikwa ndani. Kaburi lile mtu mmoja angelimaliza bila kutoka jasho. Walilichimba wawili, Dastani na Silvano, maana hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake. Walikuwa wamefika magotini Gervas alipouliza kwa sauti ya chini:

"Kwenye sala nimtaje nani?"

"Cecil."

"Chilumba."

"Shemeji, hata leo?"

"Hata leo nini? Jina lako ndilo lililomfukuza padri!"

"Langu? Si ungenyamaza wewe…"

Majembe yalisimama. Bibiana alikuwa amekaa kwenye udongo uliochimbuliwa, kanga yenye mtoto mapajani. Hakuinua uso.

"Tangu alfajiri namwita kwa yote mawili," alisema. "Hajaitika hata moja. Chimbeni."